Mafiga ya Mama Mkwe

Mimi nina mdomo, kijiji kizima kinajua, na ndiyo maana walinichagua. Ilikuwa mkutanoni, siku chache baada ya kumzika mtoto wa jirani yangu. Muuguzi wa zahanati, mwanamke wa Kolo huko Kondoa, mpole, ushungi wake hautoki kichwani hata kwenye joto la Oktoba, alisimama mbele yetu akasema kulia hakutoshi. Alisema watoto wanaoletwa kwake wameungua, wamekunywa mafuta ya taa, wametumbukia kwenye ndoo kichwa chini, hawakurogwa na mtu. Alisema tukikubaliana, mengi ya hayo tunaweza kuyazuia sisi wenyewe humo humo majumbani. Akaomba watu wa kupita nyumba kwa nyumba. Kila mtu akatazama vidole vya miguu yake. Kisha sauti moja ya kiume kutoka nyuma ikasema, "Mpeni yule mwenye mdomo." Watu wakacheka, hata waliokuwa na macho mekundu, nami nikainuka kwa hasira nikasema haya, nipeni.

Walitaka wawili wawili. Wa pili alisimama mwenyewe bila kuitwa, naye alikuwa jirani yangu, mama wa yule mtoto tuliyemzika. Hakuna aliyecheka tena. Siku ya ajali yeye aliepua uji wa uwele, akaiweka sufuria chini ipoe, kama tunavyofanya sote, akageuka kuchukua kikombe. Mtoto alikuwa anajifunza kutembea. Akarudi kinyumenyume, akaikalia sufuria. Tulikimbilia pale na kila mmoja na dawa yake: huyu dawa ya meno, yule yai, mwingine manyoya ya sungura ya kubandika kwenye kidonda. Tulipompeleka zahanati, muuguzi alilazimika kwanza kuondoa vyote tulivyompaka, na mtoto analia kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka.

Basi ndivyo ulivyoanza ule mpango wetu. Muuguzi alitufundisha jambo moja lililotuondolea heshima yote tuliyokuwa nayo: kutambaa. Alisema mkiingia kwa mtu msisimame katikati ya nyumba mkatazama kwa macho ya watu wazima, mtaona ukuta na dari tu. Shukeni magoti na mikono, mtambae kuanzia mlangoni mpaka jikoni, muone anachokiona mtoto. Mimi na umri wangu huu, na magoti yangu haya! Lakini nilipotambaa mara ya kwanza nilinyamaza, na mimi kunyamaza si kitu kidogo. Niliona kisu kimechomekwa kwenye fito usawa wa uso wangu. Niliona mpini wa sufuria umetokeza nje, unaniita nije niuvute. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa ya soda, na ndani yake dawa ya kupulizia zabibu, rangi nzuri kama sharubati. Wenye mashamba ya zabibu wananunua dawa kwa pamoja na kugawana kwenye chupa za soda, hakuna kijijini ambaye hakuwa nayo.

Watu wakatupa jina. Tukionekana tu kwenye njia, watoto wanapiga kelele, "Watambaaji hao! Watambaaji wamekuja!" na wengine wanatufuata nyuma kwa magoti, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi nawafukuza kwa khanga, lakini moyoni sikuchukia. Kilichonichoma kilikuwa kingine. Katika nyumba ya kwanza nilimuuliza mwenye nyumba, waziwazi kama ninavyouliza kila kitu, "Humu ndani ni kitu gani kinaweza kumuua mtoto wako?" Weee! Yule mama alinyanyua mchi wa kinu. "Umekuja kuniletea uchuro nyumbani kwangu? Mtoto wangu amekukosea nini?" Tulitoka mbio. Nikamwambia mwenzangu, kazi imetushinda, watu hawa hawasaidiki.

Nyumba iliyofuata mwenzangu aliniomba ninyamaze, nibaki kwenye salamu tu. Akashuka magoti akatambaa mwenyewe. Kila alipokuta kitu cha hatari aliweka kiganja chake juu yake, akakaa hivyo kidogo, akaendelea. Kwenye ndoo ya maji isiyo na mfuniko. Kwenye koroboi iliyowekwa sakafuni. Alipoweka kiganja kwenye jiwe la mafiga, mama mwenye nyumba alianza kulia, maana alijua ule ni mkono wa nani. Kabla hatujatoka alikuwa ameshaifunika ndoo na sinia. Kuanzia siku ile ndivyo tulivyofanya kazi, mimi naomba hodi na kusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," yeye anatambaa.

Kubwa tulilolitaka lilikuwa jiko. Huku kwetu moto unakaa sakafuni, mafiga matatu yamechimbiwa katikati ya jiko, na mtoto anayesimama dede uso wake uko sawasawa na sufuria. Tukaanza kujenga majiko ya kuinuliwa, kimo cha kiuno cha mtu mzima, kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu. Wanaume walichimba na kubeba, hilo niwape haki yao, tena wengine bila kusukumwa. Wanawake tulikanda na kusiriba. Jiko moja likakauka, la pili, majirani wakaja kutazama, wakasema kumbe hata mgongo hauumi. Kufikia mwanzo wa mvua ungeweza kusimama njiani ukaona moshi unatoka juu kidogo kuliko zamani, na mimi nilijiona mtu.

Mganga hajigangi. Nyumbani kwangu mwenyewe palikuwa na mafiga matatu sakafuni, na hapakuwa na mtu wa kuyagusa.

Nieleze nyumba yangu. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Ninaishi kwenye nyumba ya bati aliyoniachia, na hatua chache mbele ya mlango wangu kuna tembe la mama yake, lile la zamani lenye paa la udongo, lenye jiko lake. Mimi nilikuwa na jiko langu, na hilo nilikuwa nimeliinua. Lakini mjukuu wangu hakulitaka. Mama yake, binti yangu wa mwisho, alirudi chuoni huko Chimwaga mtoto alipoacha ziwa, akatuachia sisi tumlee, nami nikampenda kwa namna ambayo sikuwapendea watoto wangu, maana wakati wao nilikuwa na kazi nyingi. Mtoto huyo akifungua macho asubuhi anaelekea tembe. Kwa bibi mzaa babu yake kuna viazi vya kuchoma kwenye majivu, kuna hadithi za Kigogo, kuna mtu asiyemwambia "acha." Na katikati ya yote hayo kuna moto.

Nilimwendea mama mkwe kwa adabu. Nilipiga magoti kama inavyotakiwa, nikasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kuomba tuliinue na jiko lako."

Alikuwa anasonga ugali. Mama mkwe wangu husema Kigogo na watu anaowapenda, Kiswahili chake ni cha kufukuzia watu. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili. "Haya mafiga aliyachimbia mama mkwe wangu, mimi nimesimama hapa hapa, bibi harusi, nimetoka Haneti kwa miguu. Katika ukoo huu mafiga ya mwanamke hayatoki na yeye yupo. Yanang'olewa akifa. Wanawake wanazoa majivu, wanayatoa mawe nje, na watu wanajua nyumba haina mwenyewe. Wewe unataka niwe nimekufa?"

"Mama, sitaki ufe. Nataka mtoto asiungue."

Aliuacha mwiko ndani ya ugali akajiziba masikio. Nikajua nimeharibu. Nikatoka nje, nikapiga teke ndoo tupu iliyonikosea nini sijui, na kidole kikavimba.

Kijiji hakikuchelewa kujua. Kila nilipoomba hodi kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Na kwa mkweo mmeshatambaa?" Mmoja alinitupia kabisa, nyani haoni kundule, wenzake wakajifanya wanakohoa. Mwenzangu ndiye aliyenikata maini. Tulikuwa tunanawa mikono baada ya kusiriba jiko la mtu. Akaniuliza taratibu, "Kwako lini?" Nikaanza maelezo yangu marefu, desturi, ukoo, heshima ya mama mkwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi pia nilikuwa na maelezo." Akachukua ndoo yake akaondoka.

Niliweka kizuizi cha fito kwenye mlango wa tembe. Mama mkwe akawa anakiacha wazi. Nikaanza kumbeba mtoto mgongoni kila niendako, lakini alikuwa amekuwa mzito, na akimsikia bibi anakohoa analia mpaka mbeleko inalegea. Kwa hiyo palikuwa na saa ambazo alikuwa kule, na saa hizo zote mimi moyo uko juu juu. Kitu kimoja kilinituliza kidogo. Mama mkwe alikuwa amemfunga mtoto njuga mguuni, zile njuga ndogo za ngoma, na mtoto akitembea zinalia. Nilidhani ni urembo wa bibi kwa kitukuu chake. Nilikuwa nikizisikia naendelea na kufua.

Kisha siku moja mchana niliingia tembe bila kupiga hodi, maana mikono ilikuwa imejaa kuni. Nilisimama mlangoni, mwanga nyuma yangu. Mama mkwe aliinua uso akanitazama sawasawa. Nikangoja anisalimie. Akaokota kijiti akanitupia. "Toka! Mbuzi huyu kila siku!"

Kicheko kilinijia, kisha nikaona kwamba hatanii. Ugonjwa wa vikope umewala macho wazee wengi wa huku, nilijua hilo, nilijua hata kwamba yeye macho yanamwasha na anayafuta kwa ncha ya khanga. Sikujua kwamba alikuwa haoni. Alikuwa anapika kwa mazoea, mkono unajua pa kwenda. Na zile njuga hazikuwa urembo hata kidogo, alikuwa anamtafuta mtoto kwa masikio.

Nilipoita "mama," alitulia. Akajua kwamba nimejua. Safari hii alisema Kigogo, kwa sauti ya chini, akaniomba nisimwambie mtu. Alisema mwanamke akijulikana haoni, wananyang'anya mwiko mkononi mwake kwa huruma, na baada ya hapo anakuwa mzigo unaohamishwa kutoka kivuli hiki kwenda kile. "Mafiga yangu nayaona kwa ngozi," alisema. "Niachie hayo." Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Nilimwambia, mama, sitamwambia mtu, lakini mtoto haingii tena humu pasipo mimi. Akakubali kwa kichwa. Nami nikashika neno langu, nikamfunga mtoto mgongoni, au nikamweka karibu nami nikifua, jicho moja kwenye povu na jicho moja kwake.

Jicho moja halitoshi. Siku yenyewe nilikuwa nasuuza shuka. Mtoto alikuwa amekaa kando ya beseni anachezea maji. Niligeuka kuanika, upepo ukanipindia shuka usoni, nikapambana nayo kidogo. Nilipogeuka tena, kando ya beseni palikuwa na njuga tu, kamba imekatika. Sikumbuki kupiga hatua. Nakumbuka ukelele wa mama mkwe, na mimi niko tayari mlangoni mwa tembe.

Alikuwa amekaa kwenye majivu yaliyolowa, miguu amenyoosha. Sufuria ya maji ya ugali ilikuwa imepinduka mapajani mwake, mvuke unapanda. Mkono wake mmoja alikuwa ameuinua juu kadiri unavyofika, na mkononi kulikuwa na mtoto, ananing'inia kwa gauni, analia kwa hofu. Nilimpokea. Nilimvua, nikampapasa mwili mzima kama kichaa. Hata tone moja. Mtoto hakuwa na hata tone moja.

"Alinishika nguo," mama mkwe alisema. Meno yanagongana. "Nilikuwa nimeshainyanyua. Nikasikia mkono wake kwenye nguo, huku. Ningeitupa ingekwenda kwake. Nikaivuta kwangu."

Nilipiga yowe. Wa kwanza kufika alikuwa mwenzangu. Nyuma yake wakaja wengine, na nyinyi mnajua walikuja na nini: asali, yai, mmoja yuko mbioni kutafuta sungura. Mwenzangu alisimama mlangoni akanyoosha mikono miwili, yeye mtu mpole asiyeinua sauti, akasema, "Asimguse mtu." Akachota maji ya mtungi, akampasulia mama nguo mahali ambapo haikuwa imeshika ngozi, akaanza kummwagia. Taratibu, kata moja baada ya nyingine, kama muuguzi alivyotufundisha, hakuacha mpaka pikipiki ya kwenda kuita gari ilipotoka na mpaka gari lenyewe lilipokuja. Maji huku kwetu hayamwagwi ovyo. Wanawake wakakimbia majumbani kwao wakaleta ndoo zao, akazimwaga zote. Na wakati anamwaga alianza kusema peke yake, "Maji tu. Kumbe ni maji tu. Maji yalikuwepo." Machozi yanamtoka, hayafuti, mikono ina kazi. Mazishini hakulia hivyo. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Mama mkwe alilazwa mjini. Vidonda vilipona kwa shida, na mguu mmoja ulibaki umejikunja goti. Daktari wa macho alimtazama naye akasema kwa upole kwamba tumechelewa. Tuliporudi naye nyumbani hakuomba kupelekwa kitandani. Alitaka akae mlangoni mwa jiko lake. Akakaa pale mchana kutwa, mkono juu ya figa lililo karibu. Jioni akaniita.

"Waite wanawake," alisema. "Ng'oeni."

Nilidhani ni homa. Nikamwambia mama, si lazima, mtoto haji tena huku, nitamlinda. Akanikatiza kwa Kiswahili, kile cha kufukuzia watu. "Utamlinda! Ulimlinda siku ile? Mimi nililinda? Ng'oeni. Lakini msing'oe kama watu wanaohamisha kiti. Kama ni kung'oa, yang'olewe yanavyong'olewa. Mninyoe kama mfiwa. Majivu myatoe. Nyumba ijue haina mwenyewe."

Wifi yangu, binti yake mkubwa, alipopata habari alifika kabla ya jua kuwa kali. Hakunisalimia. "Unamzika mama yangu akiwa hai!" alinipigia kelele uani, majirani wote wanasikia. "Umeshindwa kumtunza, sasa unamfanyia matanga!" Mama mkwe ndiye aliyemwita ndani. Sikusikia walichozungumza. Wifi alitoka uso umelowa, akachukua wembe kwenye sanduku, akaenda kumnyoa mama yake kwa mkono wake mwenyewe.

Wanawake walikuja wakaketi ndani ya tembe, miguu imenyooshwa, kama msibani. Hawakujua kama walie au wasilie, maana marehemu amekaa katikati yao kichwa kinang'aa, anaelekeza. "Figa la mlangoni kwanza. Lina mzizi mrefu, chimbeni kutoka huku." Tulichimba. Mawe yalikuwa meusi tii juu, na chini, sehemu iliyokuwa ardhini, yalikuwa na rangi yake ya kawaida. Yalipokuwa yanatolewa nje, bibi mmoja alishindwa, akaangua kilio, basi na sisi sote tukalia naye. Mama mkwe alilia pia. Alijililia kwa sauti, akitaja kwa Kigogo watu aliowapikia pale, mumewe, mwanawe aliyekuwa mume wangu, wengine nisiowajua. Mwenzangu alimshika bega. Muuguzi alikuja na yeye, akakaa nyuma, na hakutoa somo lolote.

Baada ya siku kadhaa tulijenga jiko la kuinuliwa pale pale. Lilipokauka niliwasha moto, nikapika ugali na mlenda, yeye amekaa nje ukutani, mguu mmoja umenyooshwa, ule mwingine umejikunja. Nilipomaliza nikabeba sufuria, sahani na mwiko, nikampelekea mbele yake, nikapiga magoti kungoja. Tangu niolewe, katika nyumba ile, anayepakua ni yeye. Siku za sikukuu, siku za msiba, hata alipokuwa na homa, nimepika mimi akapakua yeye. Mwenye nyumba ndiye anayejua nani anakula kiasi gani, na hilo halikuwahi kuwa la mjadala.

Alisikia harufu ya ugali. Akageuza uso kuelekea kwangu, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, mama. Yuko mgongoni kwangu."

Akanyoosha mkono akapapasa mbeleko, mpaka akaupata mguu wa mtoto, akaushika. Mkono wa pili ulikuwa magotini pake, wazi, na haukuja kutafuta mwiko.

"Basi," akasema, "pakua wewe."